Kikaango Kilichooshwa Mara Saba

Katoro, Geita
20 Februari 2025

Mwanangu Mwaisha,

Assalamu alaykum. Karatasi hii ikukute hapo Kambarage na baba yako mkiwa wazima. Mimi nipo, natembea, nakula, sijalazwa. Mvua imenyesha siku tatu bila kupumzika, njia ya sokoni imekuwa uji, na bati la jikoni limeanza kuvuja upande ule ule uliokuwa unaweka ndoo. Mwanangu Kausar anakusalimu kutoka Kahama. Mimba ya dada yako imetimiza miezi mitano, miguu imemvimba, na mumewe Fahim anamfulia nguo mwenyewe. Majirani zao kule Buzwagi wanamcheka wakimwona anaanika khanga.

Salamu zimekwisha. Sasa tuzungumze.

Jumamosi ile nilitoka huku kabla ya adhana ya alfajiri. Nilibeba unga wangu, mafuta yangu, iliki yangu na kikaango changu, kwa sababu kwa kaka yangu Nuruddin hakuna chombo cha maana tangu mama yako afariki. Nilishuka stendi ya Shinyanga, nikaja moja kwa moja jikoni, hata mtandio sikuvua. Chapati za maji hamsini na nne. Nilikuwa nazihesabu kwa furaha. Nilikuwa najisemea, mtoto niliyemlea tangu ana miaka minne amerudi kutoka Uswidi, miezi sita hajaonja chakula cha mtu anayempenda, leo atakula mpaka alegee.

Ukafanyaje? Ukamega kipande, ukakitia mdomoni, ukakigeuza geuza kama umewekewa kidonge, halafu ukavuta karatasi laini kwenye mkoba wako ukatema. Ulidhani sikuona? Nilikuona, na wageni walikuona. Mama Wema wa nyumba ya pili alishusha macho kwa kunionea haya. Kikombe nacho ukakifuta kwa karatasi nyingine kama ile. Ukauliza kama maji yamechemshwa. Wewe, uliyekuwa unakunywa maji ya dimbwi la Mzee Akida na ng'ombe wakiwa wamesimama ndani!

Kutema, Mwaisha. Hata mbwa wa machinjioni hajawahi kutema chakula changu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa na kichefuchefu, na si cha gari. Nilikuwa nakiona kile kinywa chako kinavyofunguka, ikawa nataka kutapika.

Umekaa muhula mmoja tu kwa watu. Mmoja! Kuna watu wamekaa huko miaka kumi, wakirudi wanakaa kwenye mkeka na kulamba vidole.

Simu usinipigie. Ya kwangu kipaza sauti kimekwama, kila neno linasikika hadi kwa muuza mkaa, na aibu hii sitaki aisikie. Kama una la kusema, liandike. Mpe kondakta wa basi la asubuhi, aliache kwa Paskazia, yule dada wa vifurushi hapa stendi. Na kwangu usije mpaka nikuite.

Aliyekulea,
Shangazi yako Safiya


Kambarage, Shinyanga
2 Machi 2025

Shikamoo Shangazi,

Ramadhani karimu. Sisi huku tumeanza kufunga salama. Baba hajambo, bado anafungua duka lake la vipuri vya pikipiki saa mbili na kulifunga akijisikia. Jana alifuturu kwa michembe ya viazi na karanga, akasema inatosha. Joto ni kali, mvua imetusahau, na maji ya bomba yanatoka siku moja katika tatu. Mimi chuo kimeniruhusu kufanyia mradi wangu wa mwisho hapa nyumbani. Kila Jumatatu naenda Maganzo kuchota maji ya visima kwenye chupa na kuyapima. Wauza almasi wa pale barabarani wameshanizoea. Wanadhani natafuta mawe na naficha.

Shangazi, nimesoma barua yako mara nyingi. Nisamehe. Nilikuwa nimetoka safarini siku mbili bila kulala, tumbo limechafuka, kila nilichokitia mdomoni kilikuwa kinarudi. Si chapati zako. Ningewekewa hata pilau ya harusi ningeitema.

Na nikwambie ukweli mwingine, tangu nirudi karibu kila kitu kinanikera. Wageni waliojaa sebuleni siku ile hawakuniuliza nimesoma nini, walitaka kujua nimewaletea nini. Kuna mama alinishika mkono akaugeuza kuona kama ngozi imebadilika. Mtaro wa nyuma ya nyumba unanuka, watu wanauruka wakiwa na sahani mkononi. Huenda ni mimi niliyeharibika. Najisikia hivyo asubuhi nyingi.

Nina ombi moja. Baba ameniambia Kausar atakuja kwako baada ya Idi, akae hadi ajifungue. Naomba aje hapa Kambarage badala yake. Chumba changu ni kikubwa, nitampa kitanda, mimi nitalala chini. Hospitali iko karibu. Njoo na wewe ukae naye, ulete vitu vyako vyote, isipokuwa vyombo vya kupikia. Vyombo nitanunua mimi.

Tafadhali usiniulize sababu. Nikubalie tu, kama ulivyokuwa unanikubalia zamani.

Mwanao,
Mwaisha


Katoro
16 Machi 2025

Mwaisha,

Waalaykum salaam. Tunafunga, tunashukuru. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamefika kifuani. Yule kuku mweusi uliyempa jina ameliwa na kicheche. Mwandiko wangu usiucheke, kalamu za siku hizi zinaruka zenyewe.

Eti tumbo lilichafuka. Tumbo lililochafuka hukimbilia chooni, halifuti vikombe. Nimekulea, nakujua ukidanganya. Unaanza na "nikwambie ukweli".

Sasa umefika kwa Kausar. Hunitaki mimi, na mwanangu hutaki aje kwangu? Mimba ya kwanza huja kwa mama. Mimi Kausar nilimzalia Tabora kwa marehemu bibi yako, nikakaa huko arobaini yote, nikakandwa maji ya moto, nikalishwa uji wa pilipili manga. Mama yako alikuzaa wewe kwa mama yake. Leo Kausar akajifungulie kwa mjomba, kama mtu aliyefiwa na mama yake na mimi nipo hai? Watu wa Fahim watasema nini? Watasema kwa Safiya kuna jambo.

Kuna nini kwangu? Hebu nitajie. Na hilo la vyombo limenichoma kuliko kutema. "Isipokuwa vyombo vya kupikia." Yaani mkono wangu ni mchafu? Chombo changu ni kichafu? Nyumba hii nimeipiga deki tangu hujaota meno ya pili. Ulikuwa unalala jikoni kwangu kwenye mkeka wakati wa mvua, ukikataa chumbani, kwa sababu jikoni ndiko kulikokuwa na joto. Ulikuwa unalia ukitolewa.

Kausar anakuja Jumatano baada ya Idi. Nimeshampangia chumba kile kinachopakana na jiko, apate hilo joto.

Kama una neno, litaje kwa jina lake. La sivyo funga mdomo, maana naona siku hizi unaufungua kwa kutema tu.

Shangazi yako


Kambarage
29 Machi 2025

Shikamoo Shangazi,

Idi ni keshokutwa. Baba amenunua mchele na nguo mpya ya kuswalia, mikono yake mirefu kuliko yake mwenyewe, anasema atakua. Anakusalimu sana. Ameniomba nisikuandikie haya ninayokuandikia.

Umesema nitaje. Nataja: ni kikaango.

Mwezi wa kumi, kule Uswidi, mwalimu wetu wa maabara alitaka kutuonyesha jinsi ya kupima zebaki kwenye nywele za mtu. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili. Alikata kishungi kidogo nyuma ya kichwa cha kila mmoja, chini kabisa karibu na ngozi. Akatueleza kwamba nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ukizikata vipande vipande unasoma miezi iliyopita ya mtu, mmoja baada ya mwingine. Za wenzangu mstari ulilala chini tu. Zangu, mwalimu alidhani mashine imeharibika. Akarudia. Akaniuliza kama nakula samaki sana, nikasema sato wa ziwa nampenda. Akaniomba mkojo. Nilitembea kwenye theluji na kichupa cha mkojo wangu mfukoni, bado una joto, nikaukabidhi mezani mbele ya wenzangu kama mtu anayekabidhi soda. Mkojo nao ukasema yale yale.

Wakachora mchoro. Mstari wa nywele zangu ulikuwa na vilima viwili. Nikahesabu miezi kwa vidole. Kilima cha kwanza kilikuwa likizo ya mwaka juzi niliyokaa Katoro. Cha pili kilikuwa likizo ya mwaka jana, kabla sijapanda ndege. Katikati, nikiwa chuoni, mstari ulishuka. Kila nilipokuja kwako, ulipanda.

Mwalimu akaniuliza, nyumbani kwenu kuna nini? Nikasema sijui. Nilijua, Shangazi. Nilijua palepale nikiwa nimesimama.

Wachimbaji wanakuletea madonge yao ya dhahabu iliyoshikana na zebaki, kwa sababu jikoni kwa mama lishe hakuna anayeuliza moshi ni wa nini. Unaliweka donge katikati ya kikaango, unapuliza mkaa, zebaki inapanda hewani, dhahabu inabaki imekaa pale njano. Mimi nilikuwa nachuchumaa ubavuni kwako, napenda kuona linavyogeuka rangi. Zebaki iliyobaki kwenye kichupa ulikuwa unanidondoshea kiganjani nicheze nayo, inagawanyika, inakimbia, inakutana tena, mimi nacheka. Halafu unakiosha kikaango, unamimina uji wa chapati. Nilikuwa nakula ya kwanza, ile ya kingo ngumu, nikivuta moshi uliobaki kwenye kuta.

Usiku ule nilioga mpaka maji ya moto yakaisha. Nilijionea kinyaa Shangazi, nikikuna ngozi kama nina kitu kinatembea chini yake. Nikachukua mkasi nikazikata nywele zote, kisha nikanyoa. Ndiyo maana Jumamosi ile sikuvua mtandio. Hata baba hakujua.

Na siku ile nilikuwa nimeomba njia nzima kutoka Dar es Salaam uje na chombo kingine. Ulipofungua lile furushi la khanga nikakiona kikaango chenyewe, cheusi, na ule mpini uliofungwa waya. Nilijaribu kula. Wallahi nilijaribu. Kipande kilikaa ulimini, nikasikia ladha ya sarafu, sijui kama ilikuwepo au ni kichwa changu, nikavuta karatasi.

Sikusema kwa sababu ningesema nini mbele ya watu? Kwamba shangazi yangu, aliyenilea kwa kikaango hiki na kunisomesha kwa kikaango hiki, amekuwa akitulisha sumu? Na wale wachimbaji wanaokula kwako kila mchana?

Sasa kuna mtoto. Anachokivuta Kausar kinafika tumboni kwake, na ubongo wa mtoto bado ndiyo unajengwa. Nimempigia Kausar. Amenicheka. Amesema hawezi kumkimbia mama yake kwa sababu ya kikaango. Baba nimemwomba akwambie, akajibu kwamba dada yake hawezi kumwambia hivyo. Nimebaki mimi.

Usimlaze chumba cha jikoni. Nakuomba kwa magoti.

Mwaisha


Katoro, stendi
11 Mei 2025

Kwa Mwaisha Nuruddin,

Salaam nyingi kutoka kwa shangazi yako Bi Safiya. Barua hii nimeiandika mimi Paskazia kama alivyonitamkia, kwa kuwa amejikata kidole kwa kisu.

Anasema: Sisi wazima. Idi ilikwenda vizuri, ulikosa wewe tu, wala hukukoswa sana. Kausar amefika, anakula vizuri, analala vizuri, yuko chumba kile kile nilichosema. Mvua zimekoma, mahindi tumevuna magunia mawili na debe.

Barua yako niliipata. Nimekaa nayo wiki sita. Mwanzo nilitaka kuichana, halafu nikaogopa vipande visije vikaokotwa, nikaifunga kwenye pindo la khanga. Mambo uliyoandika humo ya ile kazi ya jikoni hayaandikwi, wala sitayajibu kwa mkono wa mtu mwingine. Paskazia naye ananitazama anataka kujua. Andika, Paskazia, usinitazame.

Nakujibu moja tu. Wewe umesoma, mimi nimesoma madrasa. Chombo kikiguswa na najisi kinaoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kwa chombo kilicholambwa na mbwa, nami kile chombo nimekitendea hivyo hivyo kila mara, miaka ishirini na mbili. Mara saba, Mwaisha! Nauchota ule mchanga safi wa mtoni, nasugua mpaka kucha zinauma. Hakuna mama lishe Katoro nzima anayeosha chombo kama mimi. Halafu mtoto niliyemwosha mavi kwa mikono hii anakuja kunifundisha usafi.

Umenitapisha mara mbili sasa. Ya kwanza kwa mdomo wako, ya pili kwa kalamu yako. Tumekula miaka yote hiyo, nani amekufa?

Wasalaam.

Hayo ndiyo ya Bi Safiya. Ameondoka, nami nabandika bahasha. Dada Mwaisha, hatujuani, naomba unisamehe kuingilia. Hajajikata kidole. Mikono inamtetemeka, kalamu haikai. Kikombe cha chai hapa kibandani anakishika kwa mikono miwili na bado kinamwagika. Ananiambia ni baridi ya asubuhi, na sasa hivi ni saa nane mchana. Nimeona ujue. P.


Kambarage
18 Mei 2025

Shikamoo Shangazi,

Baba mzima, mimi mzima, nyumba ipo.

Sitaandika mengi maana nina hasira. Kuosha mara saba kunamtosha mbwa. Zebaki haikukaa juu ya chuma ikasubiri udongo. Iliingia kwenye chuma, kwenye masizi ya ukuta, kwenye godoro la chumba hicho ulichompa Kausar. Nyingine ulishaivuta kabla hujagusa hata hayo maji ya kwanza. Ungekiosha mara sabini, kichwa kingekuuma vile vile usiku kama kinavyokuuma, na ladha ile ya sarafu ungeamka nayo. Unaamka nayo, sivyo? Ulikuwa unaniambia ni ini.

Unauliza nani amekufa. Inyooshe mikono yako mbele yako, vidole vimetanuka, uiangalie. Usimwite Paskazia. Iangalie peke yako.

Nimechoka kukuonea kinyaa, na nimechoka kujionea kinyaa kwa sababu nakuonea wewe. Nikilala naiona mikono yako inachanganya unga, na ni mikono ninayoipenda kuliko yote duniani, nami nataka kutapika. Ni nani mwingine ninayeweza kumwambia hili?

Kama Kausar haondoki, kikaango kiondoke. Wenye madonge yao wawarudie wenyewe, wakachomee kwenye vyombo vinavyokamata huo moshi, tena nje, mbali na watu. Nyumbani mwako lisiingie hata moja. Mtoe Kausar chumba kile leo, si kesho, wala asipeleke godoro lile kokote.

Na nijibu swali moja, kwa mkono wako mwenyewe hata ukikuchukua mwezi. Nakumbuka kila ulipoanza kuchoma, ulikuwa unasimama kwanza, unalifunga dirisha la jikoni. Joto linatuua, na unalifunga. Kwa nini?

Mwaisha


Katoro
6 Julai 2025

Mwanangu Mwaisha,

Assalamu alaykum wa rahmatullah. Barua hii naiandika mwenyewe. Leo ni siku ya nne naiandika, mistari mitano nikipumzika, mitano nikipumzika. Usomaji wake utakupa tabu, nivumilie. Habari za nyumbani ni kubwa kuliko kawaida: Kausar amejifungua tarehe ishirini na moja mwezi uliopita, Jumamosi, mtoto wa kike. Jina lake Fiza. Mama yake mzima. Mtoto ananyonya, analia kidogo sana. Watu wanasema ni mtulivu, wanamsifu. Mimi siku ya kwanza nilimsifu, siku ya pili nikaacha. Nimekaa namsikiliza usiku na mchana nikitaka alie.

Ulipoandika niinyooshe mikono, nilikutukana kwa sauti. Kisha nilienda chooni, nikafunga mlango, nikainyoosha. Nilikaa humo mpaka Kausar akaja kugonga akidhani nimeanguka. Siku ile ile nilimhamisha chumba. Nilimwambia bati linavuja, na yeye akaniambia mvua zimekwisha, mama. Wiki tano kabla hajajifungua. Kabla ya hapo alilala pale siku arobaini na sita, nami nilichoma mara tisa. Nimezihesabu.

Unauliza dirisha.

Ulikuwa na miaka sita. Alikuja bwana mmoja wa afya, sijui aliletwa na nani, akatukusanya akina mama lishe pale sokoni akatwambia moshi wa zebaki unaua, tusichomee ndani, na kama tunachoma tufungue madirisha yote. Nilimsikia vizuri. Nilikuwa nimekaa mbele. Jioni ile kulikuwa na donge kubwa, na nikiliacha dirisha wazi majirani wangejua kwa Safiya kuna dhahabu, wezi wangekuja, au wenye mali wasingeniletea tena. Nikalifunga. Nikakaangia kitunguu kingi juu yake ili watu wanuse kitunguu. Wewe ulikuwa umelala kwenye mkeka. Nilitaka kukutoa, ukalia, nikakuacha.

Basi nilijua. Nilijua tangu una miaka sita. Kuosha mara saba kulikuja baada ya siku ile, kabla yake nilikuwa nakiosha kama chombo kingine. Nilikuwa nikifika mara ya saba nasikia nafuu moyoni, nasema imekwisha, sasa naweza kupika. Hili sijamwambia mtu yeyote, hata marehemu mume wangu. Ulipotema, nilikasirika kwa sababu ulinitemea jambo nililokuwa nalijua.

Najichukia mpaka nikipita kwenye kioo cha kinyozi natazama chini. Chakula chenyewe nakila kwa sababu Kausar ananikodolea macho.

Kikaango nimekitoa. Nilitaka kukitupa jalalani nikaona kitaokotwa, mtu akaangie mayai. Nikachukua msumari wa inchi nne na nyundo ya Fahim, nikakitoboa katikati mara nyingi, kisha nikakifukia ndani ya gunia mbali na kisima. Sijui kama ndivyo inavyotakiwa, utanirekebisha. Wenye madonge nimewarudishia madonge yao. Mmoja amenitukana mbele ya wateja. Kupika biashara nimeacha, nawaambia watu nauguza mzazi.

Siku ya saba tulimnyoa mtoto nywele, kama sunna inavyotaka, zipimwe uzito na uzito wake utolewe sadaka. Fahim alitaka kwenda kuazima mzani, nikamwambia upo. Nikautoa ule mzani wangu mdogo wa dhahabu. Nikaziweka nywele za Fiza kwenye sahani yake. Mwaisha, mzani ule umepima mali za watu miaka ishirini na mbili, nilipouona unashuka kwa nywele za mtoto niliinuka nikatoka nje. Walidhani ni machozi ya furaha, wakapiga vigelegele.

Desturi ni kuzifukia. Nimezifukia nusu.

Ndani ya bahasha hii kuna vifungo vitatu. Chenye uzi mwekundu ni nywele zangu, za mvi. Chenye uzi mweusi ni za Kausar, nimezikata nyuma karibu na ngozi kama ulivyoandika, nikimsuka, hajui. Chenye uzi mweupe ni za mtoto. Sijui kama mashine hizo ziko hapa nchini au ni mpaka huko Uswidi, wewe utajua pa kuzipeleka.

Majibu usiyaandike. Sitaki Kausar aje ayasome kwenye karatasi mimi nikiwa sipo. Njoo nayo mwenyewe, umwambie mbele yangu, nami nitakaa pale pale mpaka umalize. Nimekuita. Kikaango kipya kipo, bado kina karatasi yake ya dukani, utapika wewe.

Anza na uzi mweupe.

Shangazi yako,
Safiya